Namna ya Kujenga Nadharia Kwamba Mhusika wa Katuni ya Mtandaoni ni Zimwi Aliyejificha

Nadharia ya aina hii karibu kila mara huanzia kwenye kisanduku kimoja, yaani mchoro mmoja wa katuni ndani ya fremu yake, ambacho msomaji hakuweza kukipita. Mhusika mpole anayependwa na wote amechorwa pembeni akitabasamu mahali pasipo na la kufurahisha, au kivuli chake ukutani hakilingani na umbo lake, au vidole vyake vilivyoshika mlango vimezidi urefu wa vidole vya mtu. Msomaji hurudi nyuma, hupata jambo la pili na la tatu la kumtia shaka, na kabla sehemu mpya haijatoka amekwisha kuwatangazia wenzake kwamba yule si mtu bali ni zimwi. Nyingi kati ya nadharia hizi hufa mapema kwa sababu hakuna kazi iliyofanyika kati ya shaka na tangazo. Mwongozo huu unaieleza kazi hiyo ya katikati, nami nimeuandika nikiwafikiria hasa wasomaji wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, wanaosoma katuni za Korea Kusini, Japani na Marekani kwenye simu zao, na ambao tayari wana ujuzi wa nyumbani unaoifaa sana kazi hii.

Ili maelezo yawe na mahali pa kusimama, nitatumia mfano mmoja nilioutunga kwa ajili ya mwongozo huu tu. Tuseme ipo katuni ambayo hadithi yake inatokea katika shule ya bweni ya wasichana wilayani Makete, karibu na uwanda wa Kitulo ulio kwenye kimo cha takriban mita 2,600, ambako miezi ya Juni na Julai huleta baridi ya kugandisha umande. Matroni mpya amehamia shuleni hapo. Huwafunika wanafunzi mablanketi usiku, anajua jina la kila mmoja tangu wiki ya kwanza, na hajapata kumgombeza mtu. Kichwa chake kimefungwa kilemba wakati wote, hajaonekana akila bwaloni, na mwanafunzi mmoja ameondoka shuleni bila kuaga. Shaka yetu ni kwamba matroni ni zimwi.

Hatua ya kwanza ni kusoma upya tangu sehemu ya kwanza, kwa mpangilio ule ule ambao mchoraji aliukusudia, bila kurukia sehemu unazozikumbuka. Msomaji anayerukia huziona dalili zinazomuunga mkono peke yake, kwa kuwa ndizo zilizobaki kichwani mwake. Chukua daftari, ligawe kila ukurasa mara mbili, na upande wa kushoto uandike kilichochorwa, pamoja na namba ya sehemu na nafasi ya kisanduku. Upande wa kulia uandike unachodhani kinamaanisha. Sentensi kama "matroni anawatazama wanafunzi kwa njaa" haina nafasi upande wa kushoto, kwa sababu njaa haikuchorwa; kilichochorwa ni macho yaliyofumbuliwa wazi na mdomo uliofungwa. Mgawanyo huu unachosha, lakini ndio utakaokuokoa siku ambayo mtu atakuuliza umeliona wapi jambo unalolidai.

Zingatia pia umbo la katuni yenyewe. Katuni za mtindo wa Korea, ambazo kampuni ya Naver ilianza kuzitoa kwa mfumo wake maalumu mwaka 2004, zimepangwa kushuka wima ili zisomwe kwa kidole gumba, na katika mpangilio huo nafasi tupu kati ya kisanduku na kisanduku hubeba muda. Mchoraji na mchambuzi Mmarekani Scott McCloud alieleza mwaka 1993 kwamba msomaji wa katuni ndiye anayekamilisha tendo katika nafasi hiyo: anaona shoka limeinuliwa, kisha anasikia ukelele, na mauaji anayafanya mwenyewe akilini mwake. Kwa mtafuta zimwi, hapa ndipo penye hazina. Angalia kila mahali ambapo mhusika wako anaingia katika nafasi tupu akiwa na hali fulani na kutoka akiwa na hali nyingine. Ikiwa matroni anaonekana akizima taa ya bweni, kisha inafuata nafasi ndefu isiyo ya kawaida, kisha asubuhi imefika na kitanda kimoja ni kitupu, andika urefu wa nafasi hiyo na uulinganishe na nafasi nyingine za usiku katika katuni hiyo hiyo. Kama usiku wote huchorwa kwa nafasi fupi isipokuwa usiku huo, umepata jambo la kuandikwa upande wa kushoto. Teremsha ukurasa polepole, kisanduku kimoja kwa wakati, kwa kuwa dalili nyingi huwekwa chini kabisa ya mchoro, mahali ambapo kidole hupita haraka.

Kabla hujaamini macho yako, hakikisha simu haikudanganyi. Wengi wetu hupunguza ubora wa picha ili kuokoa bando, na picha iliyobanwa sana hupoteza mboni za macho, huchanganya rangi zinazokaribiana, na huzalisha madoa meusi pembezoni mwa mistari ambayo mtu mwenye hamu anaweza kuyaona kama meno. Mwanga wa usiku wa simu nao hugeuza rangi zote kuwa za manjano, hivyo ngozi ya mhusika huonekana ya mgonjwa au ya maiti. Tena zipo nakala zilizopakiwa upya na watu wengine, ambazo zimekatwa juu na chini. Kila kisanduku unachotaka kukitegemea kitazame mahali mchoraji alipokichapisha mwenyewe, kwa ubora kamili, hata kama itakubidi usubiri hadi upate intaneti ya uhakika.

Baada ya simu, mfikirie mchoraji. Katuni nyingi hutoka kila wiki, na sehemu moja huweza kuwa na visanduku hamsini au zaidi. Wanaozichora hutumia wasaidizi wa rangi, na mandhari hutengenezwa mara moja na kurudiwa tena na tena. Kunguru yule yule aliyesimama juu ya paa katika sehemu tatu anaweza kuwa mjumbe wa kuzimu, na anaweza vilevile kuwa picha moja ya paa iliyotumiwa mara tatu. Kivuli kinachokosekana mara nyingi ni kazi ya mtu aliyekuwa akimaliza rangi usiku wa manane. Kipimo ninachokiamini ni hiki: tazama wahusika wengine waliomo katika kisanduku hicho hicho. Kama wote hawana kivuli, mchoraji alikuwa na haraka. Kama kila mtu anacho isipokuwa mmoja, na hali hiyo inarudi katika sehemu nyingine iliyo mbali na ile ya kwanza, una haki ya kuanza kushuku.

Sasa tuje kwenye dalili zenyewe, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kwa muda, kwa sababu wasomaji wa nyanda zetu huona mambo ambayo msomaji aliyekulia Tanga au Dar es Salaam anaweza kuyapita. Mtu aliyesimama mstarini saa kumi na mbili na nusu asubuhi huko Makete, Njombe au Mufindi wakati wa kipupwe anajua kwamba kila anayepumua hutoa mvuke. Hewa ya mwilini ina joto na unyevu. Ikikutana na baridi kali, unyevu huo hugeuka kuwa vitone vidogo vinavyoonekana kama moshi. Mchoraji akishachora mvuke kwenye midomo ya wanafunzi, ya mwalimu wa zamu na hata puani mwa ng'ombe wa shule, ameweka kanuni ya ulimwengu wake: hapa ni baridi, na viumbe vyenye joto hutoa mvuke. Ikiwa matroni amesimama katikati yao na mbele ya uso wake hewa ni safi, basi ama hapumui, ama mwili wake ni wa baridi kama hewa inayomzunguka. Dalili ya namna hii ina uzito mkubwa kuliko jicho jekundu au tabasamu la ajabu, kwa sababu inatokana na kanuni ambayo mchoraji ameiweka mwenyewe, na kuivunja kwa mhusika mmoja tu kunahitaji uamuzi.

Hata hivyo ichunguze dalili hiyo kwa ukali. Je, mvuke huchorwa kwa kila anayepumua, au kwa anayezungumza tu? Kama ni kwa wanaozungumza, na matroni alikuwa kimya, huna kitu. Je, ameshika kikombe cha uji ambacho mvuke wake umefunika uso? Je, yupo kisanduku chochote katika sehemu za awali ambapo ametoa mvuke? Kisanduku kimoja cha namna hiyo kinatosha kukulazimisha ubadili nadharia, kwa mfano useme kwamba matroni wa sehemu za mwanzo alikuwa mtu na kwamba kuna usiku fulani uliomgeuza au kumuondoa na kumweka mwingine mahali pake. Mabadiliko hayo yanaruhusiwa, lakini ni lazima uutaje usiku huo na uuonyeshe.

Dalili ya chakula nayo ni nzuri, na ina ukoo mrefu. Katika ngano za Afrika Mashariki, zikiwamo za Wakikuyu na Wachaga, yupo zimwi anayekuja kwa sura ya mtu mzuri, huku amefunika kwa nywele mdomo wa pili ulioko kisogoni. Wajapani nao wana mwanamke wa midomo miwili, futakuchi-onna, aliyechorwa katika kitabu cha mizuka cha mwaka 1841. Katika simulizi zinazomhusu, mume bahili hufurahi kwa kupata mke asiyekula, lakini akiba ya nyumbani huzidi kupungua, kwa kuwa usiku nywele za mke huyo huchota chakula na kukilisha kinywa cha nyuma. Msomaji anayezifahamu simulizi hizi mbili anapokutana na matroni mwenye kilemba kisichofunguliwa na asiyegusa makande ya bwaloni, hatakiwi kuishia kusema kwamba haonekani akila. Atakwenda kutazama stoo. Ataihesabu michoro ya magunia ya mahindi nyuma ya mpishi, sehemu baada ya sehemu, na kuangalia kama yanapungua haraka kuliko idadi ya wanafunzi inavyoeleza, au kama yupo mhusika mdogo, mpishi au mtunza stoo, aliyewahi kulalamika kwa maneno mepesi ambayo hakuna aliyeyajali. Wachoraji wazuri hupenda kuuficha ukweli katika malalamiko ya mtu asiyesikilizwa.

Hapa inafaa kuangalia asili ya katuni. Ukisoma kazi ya mchoraji wa Korea, mnyama wa kumfikiria kwanza ni gumiho, mbweha wa mikia tisa anayejigeuza mwanamke na kula maini ya watu, wala si zimwi wa kwetu wala nyoka anayesimuliwa katika Ziwa Ngosi kule Rungwe. Ujuzi wa nyumbani ukufundishe kutazama kisogo, chakula na wanyama. Usikufanye umvike mchoraji wa Seoul imani ambazo hajawahi kuzisikia. Kwa katuni iliyochorwa na mtu wa kwetu na kutokea kwetu, bila shaka mambo yanageuka, na hapo methali isemayo zimwi likujualo halikuli likakwisha inaweza kuwa msingi wa nadharia nzima: matroni anayejua jina la kila mwanafunzi na anayewafunika mablanketi hajifanyi mpole, anawapenda kweli, na ndiyo sababu amechukua mmoja tu.

Wanyama, watoto wachanga, vioo na milango nitavitaja kwa kifupi, kwa sababu vimetumiwa mno hata wachoraji wenyewe hucheza navyo ili kuwapoteza wasomaji. Mbwa anayebweka kwa mtu mmoja tu anaweza kuwa amepigwa na mtu huyo.

Lipo kundi moja la dalili ambalo nasisitiza liachwe kabisa, nalo ni la maumbile ya kawaida ya watu: macho mekundu, kibiongo, uzee, upweke, ulemavu, ugonjwa wa ngozi. Katika nchi yetu wazee, na hasa wanawake, wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho yaliyoiva kwa miaka mingi ya moshi wa kuni yamefanywa kuwa ushahidi dhidi yao. Nadharia inayosema kwamba bibi fulani wa katuni ni zimwi kwa sababu macho yake ni mekundu hurudia hoja ile ile, na msomaji wa miaka kumi na mitatu anayeisoma kwenye simu ana bibi yake jikoni. Zaidi ya ubaya huo, nadharia yenyewe ni dhaifu, kwa maana mchoraji anayetaka kumficha zimwi hamfichi katika mwili ambao kila mtu ataushuku. Ukimwona mhusika mwenye sura ya kutisha, mchukulie kwanza kuwa chambo, kisha uangalie ni nani anayenufaika wengine wanapomtazama yeye.

Ukiisha kukusanya dalili, andika nadharia pinzani, na uiandike kwa nguvu zako zote, kana kwamba wewe ndiye unayetaka kuishinda ile ya kwanza. Katika mfano wetu, nadharia pinzani ni kwamba matroni ni mwanamke anayeumwa: halali usiku kwa maumivu, hali bwaloni kwa sababu ya masharti ya dawa, amefunga kilemba kwa sababu nywele zimenyonyoka, na mwanafunzi aliyeondoka alihamishwa na wazazi wake. Maelezo haya yanameza dalili nyingi kwa urahisi, na ni ya kusikitisha kuliko yale ya zimwi, jambo linaloweza kuwa ndilo mchoraji analolitaka. Sasa tazama kinachobaki. Ugonjwa hauelezi mvuke unaokosekana, wala magunia yanayopungua. Dalili mbili ambazo nadharia pinzani imeshindwa kuzimeza zina thamani kuliko ishirini ambazo pande zote mbili zinazieleza, na ndizo zinazopaswa kuwa uti wa nadharia yako. Zile nyingine zitaje baadaye kama zinazokubaliana nayo, bila kuzifanya ushahidi.

Kisha jibu swali ambalo wengi hulisahau: zimwi huyu anataka nini, na hadithi inapata nini kwa kumficha? Siri katika hadithi ina gharama. Mchoraji aliyeificha kwa sehemu sitini amejinyima mambo mengi ya kusisimua ambayo angeweza kuyachora mapema, na lazima awe na sababu. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaojifunza uhakiki wa fasihi wamefundishwa kuihusisha taharuki na dhamira, na mafunzo hayo yanafaa hapa moja kwa moja. Kama katuni ya Makete inahusu watoto waliopelekwa mbali na mama zao, basi matroni ambaye ni zimwi mwenye upendo wa kweli huligusa swali la katuni nzima, yaani kama malezi ya mtu asiye mzazi yanaweza kuaminiwa. Kama katuni inahusu wizi wa mitihani na ushindani wa madarasa, zimwi haingii popote hata dalili zikiwa nyingi, na inakubidi ukubali kwamba huenda umekusanya makosa ya rangi. Mimi huipa hatua hii uzito kuliko hesabu ya dalili. Nadharia isiyojua zimwi anataka nini haijakomaa kutangazwa.

Sharti la mwisho kabla ya kutangaza ni utabiri. Andika mambo mawili au matatu yatakayotokea ikiwa nadharia ni kweli, na jambo moja ambalo likitokea utaiacha. Utabiri uwe wa kuweza kushindwa. Kusema kwamba matroni atafanya jambo la kutisha hakutoshi, kwa kuwa kila mhusika hufanya hivyo mwishoni. Sema kwamba kilemba hakitafunguliwa mbele ya mtu aliye hai hadi siri ifichuke. Kwamba mtunza stoo atatoweka au atafukuzwa kazi. Kwamba kisengere nyuma, yaani sehemu inayorudi kwenye mambo yaliyopita, kitakachoonyesha utoto wa matroni, kikiwepo, hakitaonyesha chakula. Na kwa upande wa kuiacha: akionekana ametoa mvuke asubuhi ya baridi baada ya kupotea kwa mwanafunzi, nadharia imekwisha, nawe utasema hadharani kwamba imekwisha. Msomaji anayebadilisha maelezo kila baada ya sehemu mpya ili zimwi wake abaki hai amekwisha kuacha kuisoma katuni.

Katika kuiandika, weka kichwa cha habari kisichotaja jina la mhusika wala siri yenyewe, na mstari wa kwanza useme umesoma hadi sehemu ya ngapi, ili aliye nyuma yako aache kusoma kabla hujamharibia uhondo. Majukwaa mengi huwaruhusu wanaolipa kusoma sehemu kadhaa kabla ya wengine. Ikiwa umeziona hizo, usizitumie katika nadharia inayosomwa na wasiolipa, kwa maana utabiri wa jambo ulilokwisha kuliona ni udanganyifu. Anza na dalili zako mbili za uti, kila moja pamoja na kisanduku chake kizima kilichowekwa bila kukatwa, maana picha iliyokatwa huzaa shaka inayostahili. Fuatisha nadharia pinzani na mahali iliposhindwa, kisha kusudi la zimwi, kisha utabiri. Usimwandikie mchoraji kumtaka athibitishe. Akikubali amejiharibia kazi, akikataa mashabiki watamwita mwongo, na hakuna jibu analoweza kulitoa lisilomdhuru.

Mtu akikupinga kwa kisanduku ambacho hukukiona, kiongeze kwenye daftari upande wa kushoto pamoja na namba yake, hata kama kinakuumiza. Nadharia bora za aina hii ambazo nimezisoma zilijengwa na watu wawili au watatu waliokuwa wakipingana kwa wiki nyingi, mmoja akishikilia zimwi na mwingine akishikilia ugonjwa, kila mmoja akimlazimisha mwenzake arudi kwenye kurasa.

Ikiwa katuni itasimama kabla ya kumalizika, kama inavyotokea mchoraji anapougua au mkataba wake unapokwisha, acha nadharia ilivyo bila kuitangaza kuwa imeshinda. Andika chini yake tarehe, sehemu ya mwisho iliyotoka, na orodha ya utabiri ambao haujajibiwa, ili atakayeikuta baadaye, pengine baada ya katuni kuanza upya, ajue ulikuwa umeona nini na wapi aendelee kutazama.